Biashara ya samaki wa kuchomwa rangi haina udhuru

Katika mito ya mwendo wa polepole, madimbwi na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na nchi za jirani, anaishi samaki mdogo ambaye mwili wake hupitisha nuru kama kioo. Anayemtazama ubavuni huweza kuuona uti wa mgongo pingili moja moja, miiba ya mbavu, na kile kifuko cha hewa kimsaidiacho kuelea. Urefu wake hauzidi sana sentimita nane, na wale wauzwao madukani aghalabu ni nusu ya hapo. Francis Hamilton, daktari Mskoti aliyefanya kazi Bengal, alimweleza samaki huyu katika kitabu chake juu ya samaki wa Mto Ganges kilichotolewa mwaka 1822, na wataalamu wa leo humwita Parambassis ranga. Kwa Kiswahili yatosha kumwita samaki kioo. Rangi ya kutajwa hana, na kutokuwa na rangi ndiko kunakomlinda, kwani adui apitaye juu au chini yake humkosa kwa kudhani ni maji matupu.

Tangu miaka ya 1980 samaki huyo huyo amekuwa akiuzwa Ulaya na Amerika akiwa na mistari ya waridi, kijani, manjano na buluu inayong'aa juu ya mgongo na chini ya tumbo. Wachuuzi walimpa majina ya kumvuta mnunuzi, likiwamo lile la samaki wa disko, na wazazi wengi walimnunua kwa ajili ya watoto wao wakiamini kwamba ndivyo alivyoumbwa. Hakuumbwa hivyo. Rangi ile ametiwa kwa sindano.

Jinsi kazi hiyo inavyofanywa si siri tena. Katika sehemu za Asia ya Kusini-Mashariki ambako samaki wa mapambo hufugwa na kukusanywa kwa ajili ya soko la nje, samaki kioo hutolewa majini, hushikwa kwa vidole au kwa wavu, kisha mfanyakazi humchoma sindano yenye rangi chini ya ngozi. Hachomwi mara moja. Mstari wa rangi hauwezi kupatikana kwa tundu moja, kwa hiyo sindano huingia tena na tena, upande huu na upande ule, mpaka rangi ienee pale inapotakiwa. Akimaliza mmoja hutupwa katika beseni na mwingine huchukuliwa. Ni kazi ya mikono, samaki baada ya samaki, na hufanywa kwa haraka kwa sababu samaki mmoja ana bei ndogo sana na faida hupatikana kwa wingi wao.

Yafaa msomaji apime mambo haya kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. Sindano nyembamba ya hospitali ina unene wa karibu nusu milimita. Samaki anayechomwa ana urefu wa sentimita nne. Mtu mzima wa sentimita 160 ni mrefu mara arobaini kuliko samaki huyo. Kwa hiyo kwa mtu sindano ile ingekuwa na unene wa milimita ishirini, yaani mfano wa mpini wa ufagio. Hakuna mzazi ambaye angekubali mwanawe apewe chanjo kwa chombo cha namna hiyo, hata kama chanjo yenyewe ingekuwa ya kumwokoa na kifo. Samaki kioo hachanjwi ili apone ugonjwa wowote. Huchomwa ili apendeze machoni pa mtu ambaye bado hajamwona.

Jeraha la samaki nalo si sawa na jeraha la mnyama wa nchi kavu, na hapa ndipo wengi hupitwa. Ngozi ya binadamu imefunikwa juu na tabaka la chembe zilizokwisha kufa, ambalo ni kama koti. Samaki hana koti hilo. Ngozi yake ni hai mpaka juu kabisa, na kinachoikinga ni ute telezi ambao mvuvi yeyote anaujua kwa mkono wake. Ute huo huzuia vijidudu na ukungu visipate mahali pa kushika. Zaidi ya hayo, samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko ile iliyomo katika maji anamoishi, hivyo maji humwingia mchana na usiku, na figo zake hufanya kazi bila kupumzika kuyatoa. Ngozi nzima ndiyo inayopunguza mafuriko hayo. Ikitobolewa mahali kumi, au ute ukifutwa, maji huingia kwa wingi, chumvi hutoka, na vijidudu vilivyomo ndani ya kila tangi hupata mlango. Mtu akijikata shambani aweza kufunga kitambaa na kukaa mahali pakavu. Samaki hana pakavu pa kwenda.

Haishangazi basi kwamba ugonjwa umefuata sindano. Wataalamu wa afya ya samaki nchini Uingereza walipowachunguza samaki kioo waliotiwa rangi katika maduka ya huko katika miaka ya 1990, waliona kwa wingi ugonjwa uitwao limfosisti, ambao huletwa na virusi na huotesha vinundu vyeupe mithili ya koliflawa juu ya mapezi na ngozi. Virusi hivyo hupata nafasi katika ngozi iliyojeruhiwa na katika mwili uliodhoofishwa na mateso. Sindano moja inayotumiwa kwa samaki mia bila kusafishwa ni njia nyepesi ya kuhamisha maradhi kutoka kwa mmoja hadi kwa wengine wote, jambo ambalo muuguzi wa zahanati ya kijijini hahitaji kuelezwa mara mbili. Tena ikumbukwe kwamba mnunuzi humwona yule aliyesalia. Waliokufa katika beseni, na waliokufa ndani ya mifuko ya plastiki njiani, hawafiki dukani na wala hawaonekani kwenye bei.

Na baada ya yote hayo, rangi yenyewe haidumu. Baada ya miezi kadhaa mwili huanza kuiondoa au kuififisha, ile waridi ikawa kama doa la chai, na mwenye tangi akabaki akishangaa kwa nini samaki wake amechakaa. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Samaki huyu aishi wapi kama si majini? Mfanyabiashara analijua hilo tangu mwanzo, na rangi inayofifia haimdhuru kitu, kwa sababu mteja aliyezoea rangi atarudi kununua wengine.

Sindano ni njia mojawapo tu. Yupo samaki mdogo wa bonde la mto Paraguay huko Amerika ya Kusini, ambaye kwa asili ana rangi ya fedha na pezi jeusi mfano wa sketi. Wafugaji walipata kizazi chake cheupe, na weupe huo ukawa balaa kwake, maana chochote kilicho cheupe kinaweza kutiwa rangi. Huuzwa akiwa wa zambarau, waridi au buluu, na hupewa majina ya matunda na ya peremende. Kwa samaki weupe wa namna hii hutumika njia ya kuwachovya. Kwanza hutiwa katika dawa kali inayoubabua ule ute na kuilainisha ngozi, kisha hutiwa katika maji ya rangi, halafu katika dawa nyingine ya kuuchochea ute uote tena ufunike rangi ndani. Kwa maelezo yaliyokwisha kutolewa hapo juu juu ya kazi ya ute, msomaji ataona kwamba huku ni kumvua samaki ngozi yake ya kinga, kumpaka rangi akiwa mbichi, kisha kumtazamia apone. Anayepona huuzwa.

Lakini hakuna aliyeonewa kupita yule anayeitwa kasuku. Samaki huyu hakutoka katika mto wowote. Alipatikana Taiwan katika miaka ya 1980 kwa kuchanganya jamii mbili za samaki wa Amerika, na akazaliwa na kilema: mdomo wake mdogo haufungi vizuri, hata inambidi asage chakula kwa meno ya kooni. Kilema hicho kikageuzwa kuwa urembo, kwa sababu watu waliona kinywa chake kinafanana na mdomo wa ndege, na wengine wakadai anatabasamu. Kisha wafanyabiashara wakaona kilema kimoja hakitoshi. Wapo kasuku waliotiwa rangi ya kijani na ya zambarau. Wapo waliochorwa ubavuni kwa mwanga wa leza, michoro ya mioyo na maandishi ya kumtakia mnunuzi bahati na utajiri. Wapo waliokatwa mkia wangali wachanga ili mwili upate umbo la moyo, na samaki asiye na mkia huogelea kwa taabu maisha yake yote. Kumwandikia kiumbe maneno ya heri juu ya kovu lake ni dhihaka ambayo ingemshinda hata mtunzi wa vichekesho.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili, kwa kuwa si kila samaki mwenye rangi kali ameumizwa. Wachina walianza kuchagua samaki wa rangi ya dhahabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakawazalisha kizazi kwa kizazi, na rangi ile ni ya damu. Chakula chenye viungo vya asili vilivyomo katika karoti na kamba huweza kuzidisha wekundu wa samaki bila kumtia jeraha. Tena kuna wale samaki wanaong'aa walioanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2003, ambao walitokana na kazi ya wanasayansi wa Singapore waliopandikiza jeni ya kiumbe wa baharini katika mayai. Hao huzaliwa na rangi yao na huirithisha. Wana mashaka yao wenyewe, maana katika miaka ya karibuni wameonekana wakizaana katika vijito vya Brazil baada ya kutoroka mabwawa ya wafugaji, lakini hawakuchomwa sindano na haifai kuwachanganya. Kuwachanganya humsaidia mwovu, kwa kuwa muuzaji wa samaki waliochomwa hupenda sana kusema kwamba nao ni wa maabara.

Wapo watakaouliza: je, samaki huumia? Swali hili lilikuwa likijibiwa kwa mabega tu mpaka mwaka 2003, Lynne Sneddon na wenzake katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh walipotoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya samaki aina ya trauti. Katika kichwa cha samaki huyo walipima vipokezi 58 vya hisia, na 22 kati ya hivyo vilikuwa vya namna ile ile ambayo kwa wanyama wengine hupeleka habari ya madhara. Kisha walidunga midomo ya baadhi ya samaki kwa sumu ya nyuki au asidi ya siki, na wengine kwa maji ya chumvi yasiyodhuru. Waliodungwa vitu vya kuwasha walipumua kwa kasi, wakayumba huku na huku chini ya tangi, waliotiwa asidi wakasugua midomo yao kwenye changarawe, na wote hao wakakaa muda mrefu zaidi bila kula kuliko wenzao. Walipopewa dawa ya kutuliza maumivu, dalili hizo zilipungua. Wako wanasayansi ambao hawakubaliani naye, wakisema kwamba samaki hana ile sehemu ya ubongo ambayo kwa binadamu huhusika na maumivu. Mjadala huo una heshima yake. Hata hivyo, ndege naye hana tabaka hilo la ubongo kwa umbo lile la binadamu, na hakuna mtu mwenye akili timamu asemaye kuku hasikii maumivu.

Lipo jibu jingine ambalo katika pwani na maziwa ya Afrika Mashariki lingetolewa mapema kuliko lile la wanasayansi: samaki ni kitoweo. Anavuliwa, anapaliwa magamba, anakaangwa. Kuna haja gani kumwonea huruma yule wa kwenye kioo? Jibu hili lina nguvu na halipaswi kudharauliwa, kwa sababu hutolewa na watu wanaowajua samaki kuliko wale wanaowatazama ndani ya matangi. Lakini mvuvi humwua samaki ili watu wale. Kifo kile kina mwisho, na kina faida inayojulikana na kila mtu aliyeketi kwenye mkeka. Huyu mwingine hauawi. Huumizwa akiwa hai, husafirishwa akiwa hai na kidonda chake, huwekwa mbele ya macho ya watu akiwa hai, na kusudi lake lote ni kutazamwa. Mtu anayemchinja mbuzi kwa kisu kikali hana ugomvi na dini wala desturi yoyote. Anayemtoboa mbuzi ngozi ili amtie viraka vya rangi apendeze zizini angeitwa kichaa na majirani zake, na wangemnyang'anya mbuzi.

Lawama iende wapi? Ni rahisi kumtupia yule ashikaye sindano, na magazeti mengi ya Ulaya yamefanya hivyo, kama kwamba ukatili ni desturi ya watu wa Asia. Huo ni uongo wa kujiosha. Mfanyakazi yule hatii rangi samaki wa nyumbani kwake. Katika vijiji vya India samaki kioo huvuliwa na wadogo wenzake na huliwa. Rangi ile huwekwa kwa sababu kuna oda iliyotoka ng'ambo, na oda hutoka kwa sababu kuna mtu katika mji wenye maduka makubwa anayeingia Jumamosi mchana na mtoto wake, akapita matangi ishirini ya samaki wa rangi zao za asili, akasimama mbele ya lile la waridi. Mtu huyo hana nia mbaya. Hajui, na biashara nzima imejengwa juu ya kutojua kwake. Kila mmoja katika mnyororo huo, msafirishaji, mwagizaji wa jumla na mwenye duka, anajua zaidi kuliko yule anayetoa fedha, na kila mmoja amenyamaza.

Kwamba ukimya huo unaweza kuvunjwa kumeonekana. Mwaka 1996 jarida la wafugaji wa samaki la Uingereza, Practical Fishkeeping, lilianzisha kampeni dhidi ya samaki waliotiwa rangi. Halikutegemea polisi wala bunge. Liliwaomba wenye maduka waahidi hadharani kutowauza, likachapisha majina ya waliokubali, na likawaeleza wasomaji wake sindano ni nini. Maduka mengi yalijiunga, na samaki kioo wa rangi, ambaye zamani alikuwa katika karibu kila mji, akawa adimu. Hakuna muujiza hapo. Mnunuzi aliambiwa ukweli, akaacha kununua, na mwagizaji akaacha kuagiza.

Sheria, kwa upande wake, imekwenda kwa mwendo wa konokono. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 ya England na Wales inawahusu wanyama wote wenye uti wa mgongo walio chini ya mikono ya binadamu, samaki wakiwamo, na inakataza kuwakata au kuingilia viungo vyao vyenye hisia bila sababu inayokubalika. Mtu akichoma samaki rangi ndani ya nchi hiyo anaweza kujikuta mbele ya hakimu. Lakini samaki akichomwa maelfu ya maili mbali kisha akaletwa kwa ndege, aliyemleta anauza tu. Sheria inayomwadhibu mtenda na kumwachia mnufaika ina tundu kubwa kuliko la sindano. Nchi inayoona tendo fulani ni la kikatili isingepaswa kulipokea tunda lake kwa sababu tu lilitendwa mbali na macho yake.

Huenda msomaji wa Kigoma au wa Mbamba Bay akaona kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Sivyo. Maziwa ya Tanganyika na Nyasa ni miongoni mwa maji yenye samaki wa mapambo mashuhuri kuliko yote duniani. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya jamii mia mbili za wale samaki wa ukoo wa sato ambao karibu wote hawapatikani penginepo, na tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakisafirishwa wakiwa hai hadi Ulaya kutoka Bujumbura na baadaye kutoka pande nyingine za ziwa. Nyasa lina mamia zaidi, wakiwamo wale wa kwenye mawe waitwao mbuna, wenye buluu na manjano ambayo hakuna mpaka rangi awezaye kuiga. Hata Unguja ina samaki wake mdogo wa madimbwi, ambaye mayai yake hukaa ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi, na dume lake lina mkia mwekundu unaowaka kama kaa la moto.

Samaki hao wanaumizwa na biashara ya rangi kwa njia mbili. Kwanza, sokoni wanashindana na udanganyifu. Mtu aliyezoeshwa waridi ya sindano humwona samaki wa kweli kuwa hana mvuto, na mzamiaji aliyemkamata kwa uangalifu kati ya majabali hulipwa kidogo zaidi. Pili, na hili ni baya zaidi, wazao wa samaki wa Nyasa wanaofugwa ng'ambo wameingizwa wenyewe katika hila hiyo. Katika jamii nyingi za Nyasa dume ndiye mwenye rangi, tena akiisha kukua. Jike na kinda ni wa kijivu. Kumlea kinda mpaka apate rangi yake kunahitaji muda na chakula, na muda ni gharama. Kwa hiyo wapo wafugaji wanaowapa makinda na majike chakula chenye homoni za kiume, wakang'aa wote kabla ya wakati. Mnunuzi huchukua nyumbani kundi la madume mazuri, kisha homoni zikiisha mwilini rangi hutoweka, na akagundua kwamba nusu yao ni majike, pengine yasiyoweza tena kuzaa. Hakuna sindano hapa wala kidonda cha kuonekana. Udanganyifu ni ule ule, na mwili wa samaki ndio unaolipa.

Kwa hiyo nchi zinazotoa samaki wa asili zina sababu ya kusema, na zina haki ya kusema kwa sauti kubwa. Wauzaji wa Tanzania, Burundi, Zambia na Malawi wangeweza kutaka kwamba kila shehena ya samaki wa mapambo, itoke wapi, iandamane na maandishi yanayotaja jina la kitaalamu la samaki, mahali alikovuliwa au kuzaliwa, na namna alivyopata rangi yake. Samaki wa Kigoma hana cha kuogopa katika maandishi hayo. Anayeogopa ni yule ambaye hawezi kujaza sehemu ya tatu. Katika nchi zinazonunua, hatua ni rahisi vilevile: marufuku iwe juu ya kuuza na kuingiza, si juu ya kuchoma peke yake, na adhabu imguse mwagizaji wa jumla ambaye anajua vizuri anachokiagiza. Kuandika tu kwenye kioo cha tangi kwamba samaki ametiwa rangi hakutoshi. Mwizi hatakaswi kwa kutangaza bei ya mali ya wizi.

Mnunuzi naye ana silaha yake, nayo ni swali. Aulize jina la kitaalamu. Aulize kama samaki mwenye rangi hiyo atazaa wenye rangi hiyo. Ukimwona samaki wa jamii moja katika tangi moja akiwa wa rangi tano tofauti, mistari haikai mahali pamoja kwa kila mmoja, na macho yamebaki ya rangi ya kawaida, yapo mashaka ya kutosha kumfanya mtu aondoke. Asimnunue hata kwa kumwonea huruma, kwa sababu kila anayenunuliwa kwa huruma huhesabiwa dukani kama mauzo, na nafasi yake hujazwa na mwingine wiki inayofuata.

Kwa aliyekwisha kumnunua bila kujua, samaki huyo asitupwe mtoni wala ziwani, maana ugonjwa alionao utawapata wasiokuwa na hatia. Awekwe katika maji safi, mbali na samaki wakorofi, na alishwe viroboto wa majini na mabuu ya mbu, ambavyo ndivyo chakula chake. Akipata bahati ya kuishi, baada ya mwaka mmoja hivi mistari itakuwa imefutika, na kilichobaki majini kitakuwa samaki mdogo asiye na rangi, ambaye uti wake wa mgongo unaweza kuhesabiwa taa ikiwa nyuma yake, kama Hamilton alivyomwona.